Nazali Isiyo na Hatia: Mizani, Vina na Takriri za Utenzi katika Sikio la Msomaji wa Rumonge

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna utenzi wa masimulizi unavyopokewa na sikio la msomaji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, hususan Rumonge, ambako wasomaji wengi wa Kiswahili wana Kirundi kama lugha yao ya kwanza. Hoja yake kuu ni kwamba matamshi yanayokosolewa zaidi darasani, yaani yale ya *mutoto* badala ya *mtoto*, hayavunji mizani hata kidogo. Kinachovunja mizani ni jambo lisilosikika kwa urahisi: kuunganishwa kwa irabu zinazofuatana, ndani ya neno na kwenye mpaka wa maneno. Kwa kutumia beti nne zilizotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, makala inaonyesha kuwa utenzi wa masimulizi huathirika kuliko tungo nyingine kwa sababu njeo zake hujaza irabu mwanzoni mwa maneno. Mwisho inapendekeza takriri itumike kama chombo cha kufundishia mizani.

1.0 Utangulizi

Mjadala juu ya mizani na vina katika ushairi wa Kiswahili ni wa siku nyingi. Katika miaka ya 1970 ulichukua sura ya mvutano kati ya waliodai kuwa mizani na vina ni uti wa mgongo wa shairi na waliodai kuwa ni mapambo yanayoweza kuachwa. Diwani ya *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi (1974) na kitabu cha *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* cha Mulokozi na Kahigi (1979) ni miongoni mwa kazi zilizouchochea mjadala huo. Pande zote mbili zilichukulia jambo moja kuwa halina ubishi: kwamba msomaji anajua mizani ni nini pindi aisikiapo. Zilibishana kama mizani ni ya lazima. Hazikuuliza inasikika katika sikio la nani.

Swali hilo haliepukiki katika mji kama Rumonge. Mji huu, ulio kusini mwa Bujumbura kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa, ulifikiwa na Kiswahili katika karne ya 19 kupitia njia za biashara zilizopita Ujiji. Tangu hapo lugha hii haijaondoka. Imeishi msikitini, sokoni kwenye mawese na ndagala, na katika mitumbwi inayokwenda Kigoma, Uvira na Kalemie. Baadaye waliongezeka wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania, wengi wao wakiwa jamaa za waliokimbia mwaka 1972, na watoto waliosomea au kukulia katika Kiswahili cha huko. Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kilipata pia msukumo mpya shuleni. Hivyo darasa moja la Rumonge linaweza kuwa na wanafunzi wenye Kiswahili cha namna tatu au nne, na Kirundi kikiwa chini ya zote.

Darasa hilo linapofungua utenzi, mwalimu hukabiliwa na kazi ya kuamua kipi ni kosa la mizani na kipi ni lafudhi tu. Uamuzi huo si mdogo. Mwanafunzi anayeambiwa kila mara kuwa matamshi yake yanaharibu shairi hujifunza kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya watu wa pwani ya Bahari ya Hindi, nao huacha kuutunga kabla hajaanza.

2.0 Kanuni za utenzi na asili yake ya ziwani

Umbo la utenzi linajulikana. Ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani nane. Mishororo mitatu ya mwanzo hukubaliana kwa kina kimoja kinachobadilika kila ubeti. Mshororo wa nne hubeba kina cha bahari, ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Umbo hilo ndilo lililobeba masimulizi marefu ya Kiswahili: *Utendi wa Tambuka* wa Bwana Mwengo, ambao nakala yake inahusishwa na Pate na mwaka 1728, masimulizi ya Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi, na utenzi wa Shaaban Robert kuhusu vita vya 1939 hadi 1945. Majina hayo yote ni ya pwani au ya bara lililo karibu na pwani, na kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kuwa kanuni zenyewe ni za pwani peke yake.

Dhana hiyo inahitaji kusahihishwa. Kitabu kilichoziandika kanuni hizo kwa namna iliyoenea mashuleni kote Afrika Mashariki ni *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* (1954). Mtunzi wake, Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Kwa maneno mengine, mtu aliyewafundisha Waswahili wa vizazi vilivyofuata jinsi ya kuhesabu mizani alizaliwa kwenye ufuo huohuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika ambao Rumonge imo. Jambo hili halithibitishi kwamba sikio la Rumonge ni sawa na la Lamu. Linatuzuia tu kuanza uchambuzi kwa kudhani kwamba sikio la ziwani ni geni mbele ya utenzi.

Mizani, kwa mujibu wa mapokeo hayo, ni idadi ya silabi zinazotamkika. Hapa ndipo tofauti kati ya Kiswahili na Kirundi inapoanza kuwa na uzito. Kirundi ni lugha ya toni, nacho hutofautisha irabu fupi na ndefu, ingawa maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni wala urefu. Kiswahili hakina toni, na irabu zake mbili zinazofuatana huhesabiwa kuwa silabi mbili. Kwa hiyo neno *saa* lina mizani mbili katika utenzi. Kwa sikio la Mrundi, hiyo ni silabi moja iliyorefushwa.

3.0 Beti za mfano

Ili uchambuzi uwe bayana, nimetunga beti nne zinazosimulia safari ya wavuvi wa usiku. Hazikusudiwi kuwa mfano wa ubora. Zimetungwa ziwe na matatizo ya matamshi ambayo makala inayajadili, kila ubeti na tatizo lake.

(1)
Usiku ulipofika
Karabai zikawaka
Wavuvi wakaondoka
Wakaelea ziwani

(2)
Mzee aliyekaa
Karibu na ile taa
Akaitazama saa
Akanena kwa makini:

(3)
"Mtoto, shika kasia
Nchi imetukimbia
Mvua inakaribia
Rudisha mtumbwi pwani."

(4)
Akavuta, akavuta
Akachoka, akajuta
Nguvu akazitafuta
Akaziona moyoni

Kila mshororo una mizani nane kwa hesabu ya kawaida. Vina vya ndani ya beti ni *-ka*, *-a* (katika *-aa*), *-a* (katika *-ia*) na *-ta*. Kina cha bahari ni *-ni*.

4.0 Nazali: kosa lisilokuwepo

Tuanze na ubeti wa tatu, kwa kuwa ndio unaovuta kalamu nyekundu ya mwalimu. Msomaji wa Rumonge mara nyingi atausoma mshororo wa kwanza kwa kusema *mutoto, shika kasia*. Kirundi kina kiambishi *umu-* katika maneno kama *umuntu*, na irabu *u* imebaki hai ndani yake. Msomaji huyo hatamki nazali peke yake kama silabi. Huipa irabu.

Hesabu sasa. *M-to-to* ni mizani tatu, na *mu-to-to* ni mizani tatu. *M-tu-mbwi* ni tatu, na *mu-tu-mbwi* ni tatu. Sababu ni ya kihistoria na ni nyepesi: *m-* ya Kiswahili katika ngeli hii ni *mu-* iliyopoteza irabu na kuachia nazali jukumu la kubeba silabi. Irabu iliondoka, lakini nafasi yake katika hesabu ilibaki. Anayesema *mutoto* huirudisha irabu mahali ambapo mizani yake ilikuwa imeshalipiwa.

Hali ni hiyohiyo kwa neno *nchi*. Kwa kuwa shina lake lina silabi moja tu, nazali ya mwanzo hubeba silabi: *n-chi*, mizani mbili. Msomaji wa ziwani husema *inchi*, ambayo ni *i-nchi*, nayo ni mizani mbili. *Mbwa* ni *m-bwa*. Kirundi kinasema *imbwa*, yaani *i-mbwa*. Hesabu haitikisiki.

Kuna zaidi ya kutokuharibu. Matamshi ya ziwani hufichua tofauti ambayo maandishi sanifu huificha. Linganisha *mvuvi* na *mvua*. Yote mawili huanza kwa herufi *mv*, na mwanafunzi anayehesabu kwa macho hutatizika: je, *m* ni mizani au si mizani? Katika *mvuvi* ni mizani, kwa kuwa ni kiambishi cha ngeli ya mtu: *m-vu-vi*, tatu. Katika *mvua* si mizani, kwa kuwa nazali imeshikamana na konsonanti: *mvu-a*, mbili. Msomaji wa Rumonge hahitaji kukariri kanuni hii. Yeye husema *muvuvi*, lakini hasemi *muvua*. Ulimi wake umeshazitenga.

Mfano ulio bora zaidi ni kivumishi *mbaya*. Katika *mtu mbaya* mizani ni tano: *m-tu-m-ba-ya*. Katika *njia mbaya* ni nne: *nji-a-mba-ya*. Maandishi ya *mbaya* ni yaleyale, na wanafunzi wa mahali popote hukosea hapa. Kwenye mwambao husikika *mutu mubaya* upande mmoja na *njia mbaya* upande mwingine. Kwa hiyo kanuni ya vitendo inaweza kutamkwa hivi: nazali inayokubali *u* katika matamshi ya ziwani ni mizani kamili. Isiyokubali *u* wala *i* si mizani. Mwalimu anayefuta *mu-* kwa kalamu nyekundu anafuta chombo bora cha kuhesabia ambacho mwanafunzi wake alikuja nacho kutoka nyumbani.

Sisemi kwamba *mutoto* ni Kiswahili sanifu. Katika insha na katika mtihani wa sarufi, mwanafunzi ataandika *mtoto*. Ninachosema ni kwamba hoja ya usanifu na hoja ya mizani ni mbili tofauti, na ya kwanza haipaswi kuvaa vazi la ya pili.

5.0 Irabu: kosa lisilosikika

Turudi kwenye ubeti wa kwanza, ambao kwa macho hauna tatizo lolote. Katika Kirundi, irabu ya mwisho wa neno ikikutana na irabu ya mwanzo wa neno linalofuata, moja hudondoshwa. Maandishi yenyewe huonyesha hivyo: *na* ikifuatwa na *abantu* huandikwa *n'abantu*. Ndani ya neno pia irabu huungana: *ama-* na *-inyo* hutoa *amenyo*. Msomaji aliyelelewa katika mazoea hayo hukutana na *Usiku ulipofika* na kusoma, bila kujijua, *usik'ulipofika*. Hukutana na *wakaondoka* na kutamka kitu kinachokaribia *wakondoka*, na *wakaelea* huwa *wakelea*.

Hesabu ya ubeti wa kwanza katika usomaji huo ni 7, 8, 7, 7. Mshororo wa pili tu ndio umesalimika, kwa kuwa katika *karabai* irabu *a* na *i* hutenganishwa kwa *y* nyepesi: *karabayi*. Mishororo mitatu kati ya minne imepunguka, na hakuna aliyetamka herufi isiyo sanifu. Mwalimu anayesikiliza *mu-* peke yake hatasikia kitu.

Kiswahili nacho kinajua muungano wa irabu. *Ma-* na *-ino* vimetoa *meno*, na *wa-* na *-ingi* vimetoa *wengi*. Tofauti ni kwamba muungano huo umefungwa ndani ya maumbo machache, nao haukuvuka kwenda kwenye njeo za kitenzi wala kwenye mpaka wa maneno. *Wakaondoka* hubaki na silabi zake tano, na *usiku ulipofika* hubaki na *u* zake mbili zikigusana bila kumezana.

Ubeti wa pili unaonyesha sura nyingine ya tatizo hilo, yaani irabu pacha. *Mzee* ina mizani tatu, *kaa*, *taa* na *saa* mbili mbili. Msomaji akizihesabu irabu hizo pacha kuwa silabi moja ndefu, mishororo mitatu ya kwanza itakuwa na mizani 6, 7 na 7, na wa nne pekee utabaki na 8. Akiongeza mazoea ya kuunganisha *na ile* kuwa *n'ile*, mshororo wa pili nao utashuka hadi 6.

Upo pia mtego wa upande wa pili. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi yenye mkazo hurefuka kidogo. Sikio lililozoea kuutilia maanani urefu linaweza kuisikia *vu* ya *akavuta* kuwa ndefu na kuipa mizani mbili. Hivyo msomaji mmoja anaweza kupunguza mahali pasipostahili na kuongeza mahali pasipostahili, kisha akahitimisha kwamba mizani ya Kiswahili haina kanuni.

Dawa ya tatizo hili inapatikana katika ushairi wa lugha za jirani. Alexis Kagame, na baada yake André Coupez, walionyesha kwamba ushairi wa mapokeo wa Rwanda, zikiwamo sifa za ng'ombe, hupimwa kwa mora: silabi fupi hupewa mora moja, ndefu mbili. Kirundi ni ndugu pacha wa Kinyarwanda, na *amazina y'inka* yanajulikana pia Burundi. Mwanafunzi akielezwa kwamba *saa* ni ndefu na kwa hiyo ni mapigo mawili, anaelezwa jambo ambalo lugha yake ina nafasi ya kulielewa. Akielezwa kwamba *saa* ina "silabi mbili", analazimika kusikia mpaka ambao sikio lake halina. Kitu cha kuangalia ni kimoja: urefu wa *kaa* huhesabiwa, lakini urefu unaotokana na mkazo tu, kama katika *akavuta*, hauhesabiwi. Kipimo cha haraka ni maandishi. Irabu ikiandikwa mara mbili, ni mapigo mawili.

Kwa nini masimulizi huathirika zaidi? Jibu limo katika sarufi. Takriban kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Na kiima cha nafsi ya tatu umoja, ambacho ndicho shujaa wa kila kisa, ni *a-*: *alikwenda*, *akaona*, *amerudi*. Viima *u-* na *i-* vya vitu navyo ni irabu tupu. Msimuliaji anayemfuata mtu mmoja kutoka tukio hadi tukio huweka irabu dhidi ya irabu karibu katika kila hatua: *nguvu akazitafuta*, *mvua inakaribia*, *nchi imetukimbia*. Shairi la mawaidha linalosema na msikilizaji kwa *kumbuka*, *shika*, *tenda* halikutani na hali hiyo mara nyingi. Hivyo aina ya utungo ambayo kijana wa Rumonge angependa kuitumia kusimulia kisa cha ziwa lake ndiyo inayomtega zaidi.

Inafaa kutaja pia maneno ya mkopo yenye konsonanti zilizoandamana, kama *askari*, *maktaba* na *labda*. Msomaji wa Kirundi huingiza irabu: *asikari*, *makitaba*, *labuda*. Hapa mapokeo ya Kiswahili yenyewe yana njia mbili. Wapo wanaohesabu *as-ka-ri* kuwa tatu, na wapo wanaoipa *s* mizani yake na kupata nne. Anayesema *asikari* amechagua njia ya pili. Mwalimu amtake tu abaki nayo kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

6.0 Vina: mahali ambapo sikio linahitaji kufundishwa

Haitakuwa haki kudai kwamba sikio la ziwani lina majibu yote. Katika vina, lipo pengo la kweli. Kirundi hakitofautishi *l* na *r* kama Kiswahili kinavyofanya, nayo *r* ndiyo inayotawala. Samaki yuleyule ambaye Waswahili wa Bujumbura humwita *ndagala* huitwa *indagara* kwa Kirundi. Mtunzi mwenye sikio hilo ataweka *mbali*, *hatari* na *kweli* katika mishororo mitatu ya ubeti mmoja na kuridhika kwamba vina vimekubaliana. Kwa kanuni za utenzi havijakubaliana, kwa kuwa *-li* si *-ri*. Vivyo hivyo *th* na *s*, au *dh* na *z*, huweza kuungana katika matamshi, na *hadithi* ikawekwa pamoja na *nafasi*.

Kosa hili, tofauti na *mutoto*, linagusa kanuni yenyewe. Hata hivyo namna ya kulishughulikia ina umuhimu. Mtunzi huyo hakukosa vina. Amefuata vina vya sikio lake kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio chanzo cha ushairi. Afundishwe tofauti ya *l* na *r* kama somo la sauti, kwa jozi za maneno kama *kula* na *kura*, kabla ya kurudishiwa shairi lake lililojaa alama za mkwaju. Akishaisikia tofauti hiyo, ataona mwenyewe pa kurekebisha.

Kina cha bahari nacho kina somo lake. Katika beti zangu, bahari *-ni* imeletwa na *ziwani*, *makini*, *pwani* na *moyoni*. Mofimu ya mahali *-ni* humpa mtunzi wa Kiswahili urahisi mkubwa, kwani takriban nomino yoyote ya kawaida huweza kufikishwa kwenye bahari hiyo. Kirundi huonyesha mahali kwa *mu* na *ku* kabla ya nomino, hivyo mwanafunzi huiona *-ni* kama jambo la sarufi ya shuleni. Mwonyeshe inavyofanya kazi ndani ya kisa. Wavuvi wanakwenda *ziwani*, wanaambiwa warudi *pwani*, na kijana anapata nguvu *moyoni*. Mishororo ya bahari, ikisomwa peke yake, inatoa ramani ya safari. Hapo kina kinakuwa sehemu ya usimulizi, na mtunzi anaepuka mtego wa kubandika *-ni* popote ili mradi ubeti ufungwe.

7.0 Takriri kama kipimo

Takriri katika utenzi ina ngazi kadhaa. Kina cha bahari chenyewe ni takriri ya sauti inayopita katika utungo mzima. Iko takriri ya kiambishi, kama *-ka-* inayofunga tukio kwa tukio: beti hizi nne zina *-ka-* ya masimulizi mara kumi na moja, na bila hiyo kisa kingekatika vipande. Iko takriri ya neno zima, kama *akavuta, akavuta*. Utenzi kwa kawaida hauna kibwagizo, lakini kurudiwa kwa vipashio vidogo hufanya kazi iliyo karibu na ya kibwagizo.

Takriri si ngeni kwa msikilizaji wa Rumonge. Masimulizi ya Kirundi yaitwayo *ibitito* huchanganya maelezo na wimbo unaorudiwa, na hadhira hujua kisa kimefika wapi kwa kusikia wimbo umerudi. Hata *-ka-* ya mfuatano ipo katika Kirundi, ingawa huweza kuwa *-ga-* kutegemea konsonanti inayofuata. Msikilizaji huyo anapousikia utenzi, takriri ndiyo sehemu anayoitambua kwanza.

Utambuzi huo unaweza kutumiwa. Tazama tena mshororo wa *Akavuta, akavuta*. Nusu ya kwanza ina mapigo manne. Nusu ya pili ni ileile, na sikio, likiwa limeshapima ya kwanza, hudai ya pili iwe sawa nayo. Msomaji hawezi kuimeza *a* ya *akavuta* ya pili bila kusikia kwamba kuna kitu kimepungua. Takriri imemtilia mkononi kipimo. Mshororo unaofuata, *Akachoka, akajuta*, una mgawanyo uleule wa nne na nne kwa maneno mapya. Wa tatu, *Nguvu akazitafuta*, unaondoa mgawanyo huo na kumtaka msomaji auendeleze mpigo peke yake, mahali hasa ambapo *u* na *a* zinakutana. Kutoka takriri kamili, kwenda takriri ya muundo, hadi mshororo huru: hizo ni hatua tatu za somo moja, na zimo ndani ya ubeti mmoja.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Uchambuzi huu unatoa mapendekezo manne kwa mwalimu wa fasihi kwenye mwambao huu, na huenda pia kwa wenzake wa Uvira na Kigoma ambao wanafunzi wao wana lugha za jirani.

Kwanza, utenzi ughanwe kabla ya kuhesabiwa. Mizani ihesabiwe kwa kofi moja kwa kila pigo, huku macho yakiwa nje ya kitabu, kisha maandishi yatumike kuhakiki.

Pili, *mu-* na *i-* za ziwani ziachwe wakati wa ghani, na zitumiwe kutenga nazali yenye mizani na isiyo na mizani. Usanifu wa maandishi ufundishwe katika somo lake.

Tatu, mkazo wa masahihisho uhamie kwenye irabu zinazokutana. Mwanafunzi apewe mishororo yenye *a-* mwanzoni mwa vitenzi aighani polepole, hadi irabu mbili zisimame bila kumezana.

Nne, takriri itangulie. Mwanafunzi aanze kutunga kwa mishororo iliyogawanyika nne kwa nne yenye neno linalorudiwa, ndipo aende kwenye mishororo huru.

Mwambao wa Rumonge una visa vinavyongoja umbo la utenzi: uvuvi wa usiku, maji yaliyopanda na kuzifuata nyumba, watu waliovuka ziwa na waliorudi. Visa hivyo vinasimuliwa kila siku kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Ili viingie katika utenzi, mtunzi kijana anahitaji kujua ni wapi hasa mshororo wake umepungua pigo. Tukiendelea kumwonyesha mahali ambapo haukupungua, atatuamini, atalifuta *mutoto*, na shairi lake litabaki na mizani saba.